Kamera haisikii intakomu ya ndege: chanzo chake na dawa yake

*“Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa urubani, natokea Tanga, nasomea uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi kwenye ndege ndogo ya Cessna 172. Mkufunzi ameniruhusu kuweka kamera ndogo ya GoPro ndani ya ndege ili jioni nijitazame na kusikiliza nilipokosea. Picha inatoka safi, lakini sauti ni muungurumo mtupu. Maneno ya mkufunzi na ya mnara wa kuongozea ndege sipati hata moja. Nilinunua maikrofoni ya nje ya bei kubwa, hali ikabaki ileile. Mwenzangu akanipa waya wa kugawa plagi ya hedseti, nikauchomeka moja kwa moja kwenye kamera. Sasa maneno yapo, ila yanakwaruza na kupasuka, na nyuma yake kuna mlio mwembamba unaopanda na kushuka. Mmoja ananiambia kamera imekufa, mwingine anasema nitasafisha kwa programu ya kuhariri. Nifanye nini? Na je, naweza kuharibu redio ya ndege?”*

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu linahusu usalama wa watu. Kebo iliyotengenezwa vizuri, ikachomekwa upande wa kusikiliza tu, haiharibu redio wala intakomu, yaani mfumo wa kuongea kati ya watu waliomo ndegeni. Lakini huo waya mtupu unaoutumia sasa, uweke kando kuanzia leo. Ukikatika vibaya au plagi ikilegea, nyaya zake mbili zinaweza kugusana, na kwa kuwa matundu ya kusikilizia mara nyingi yameunganishwa pamoja nyuma ya paneli, rubani na mkufunzi wanaweza kupoteza sauti wote kwa mara moja. Hilo halifai kutokea mkiwa mnaingia mzunguko wa kutua.

Kamera yako haijafa. Inafanya kile ilichoundwa kufanya, yaani kusikiliza hewa. Tatizo ni kwamba mazungumzo yenu hayamo hewani. Mkufunzi akisema “punguza mwendo”, sauti inatoka mdomoni mwake, inasafiri kidogo sana hadi kwenye maikrofoni ya hedseti, inageuka umeme, inapita kwenye intakomu, kisha inarudi kuwa sauti ndani ya kikombe kilichofunika sikio lako. Kilichobaki kwenye kabini ni kelele inayofika desibeli 90, wakati mwingine zaidi. Injini ya ndege hiyo ina silinda nne. Ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, kuna mawako 80 kila sekunde. Pangaboi lenye mabawa mawili nalo, kwa mwendo huohuo, hukata hewa mara 80 kila sekunde. Mavumo hayo mawili yanakutana mahali pamoja, na ndiyo muungurumo unaousikia kwenye video.

Ndiyo maana maikrofoni ya bei kubwa haikukusaidia. Imeusikia muungurumo vizuri zaidi, basi. Hakuna maikrofoni ya kuning'iniza ndani ya kabini itakayokamata maneno ambayo hayapo hewani. Sauti unayoitaka lazima uifuate ilipo: ama kwenye waya, ama ndani ya kikombe cha hedseti. Shauri zote nitakazokupa zinaangukia katika sehemu hizo mbili.

Sasa huo mkwaruzo. Tundu la maikrofoni la kamera limetengenezwa kupokea umeme mdogo mno, milivolti chache tu, kwa sababu maikrofoni ya kawaida haitoi zaidi ya hapo. Waya wa kusikilizia wa ndege unabeba takriban volti moja, na mara nyingine volti kadhaa, kwa kuwa kazi yake ni kusukuma spika za hedseti. Umeielekezea kamera ishara yenye nguvu mara mia moja au zaidi ya ile inayoimudu. Kamera ikifika ukomo wake, inakata vichwa vya mawimbi ya sauti, na hapo ndipo maneno yanapopasuka. Kichwa cha wimbi kikishakatwa hakikuhifadhiwa popote, kwa hiyo programu ya kuhariri haina cha kurudisha. Inaweza kulainisha, ikabahatisha, lakini anayekuambia utasafisha baadaye anakupotosha.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Matundu mengi ya maikrofoni kwenye kamera hutoa umeme mdogo, kati ya volti 2 na 5, wa kuendesha maikrofoni ndogo. Ukiunganisha na ndege moja kwa moja, umeme huo unatafuta njia ya kurudi kupitia spika za hedseti na intakomu. Ni mdogo, lakini hauna kazi huko, na unaweza kuleta milio na vishindo.

Kwa hiyo kebo sahihi inafanya kazi mbili: inapunguza nguvu, na inazuia umeme wa kamera usivuke. Kupunguza kunafanywa na rezista mbili. Fundi anayejua kazi ataweka rezista ya omu 10,000 kwenye njia ya sauti, kisha rezista ya omu 100 kati ya njia hiyo na waya wa ardhi. Ishara inashuka hadi takriban sehemu moja ya mia, yaani desibeli 40, na volti moja inakuwa milivolti 10, kiasi ambacho kamera inakipokea bila taabu. Baada ya hapo inawekwa kapasita ya mikrofaradi 10, upande wa chanya ukielekea kwenye kamera, ili sauti ipite na umeme wa kamera usipite. Vitu hivi ni vya bei ndogo, vinapatikana mtaa wa Luthuli hapa Nairobi au Kariakoo ukipita Dar.

Ile rezista kubwa lazima iwe ndani ya plagi inayoingia kwenye ndege, isiwekwe upande wa kamera. Hili nalisisitiza kwa sababu kebo nyingi za kujitengenezea huziweka rezista popote panapopatikana nafasi. Rezista ikiwa upande wa ndege, hata kebo ikipondwa na reli ya kiti na nyaya zikagusana, intakomu itaona omu 10,000 zilezile na hakuna atakayepoteza sauti. Ikiwa upande wa kamera, urefu wote wa kebo unabaki bila kinga.

Kuhusu plagi zenyewe, hedseti ya ndege kama yenu huwa na mbili. Ile nene, ya milimita 6.35, ni ya kusikilizia. Nyembamba kidogo, ya milimita 5.23, ni ya maikrofoni. Yako ni ile nene peke yake. Usiguse kabisa njia ya maikrofoni: inabeba umeme wa kuendesha maikrofoni ya hedseti, kwa kawaida volti 8 hadi 16, na ndiyo njia unayotumia kuongea na mnara. Isitoshe, haina unachokitaka, maana hapo utajisikia wewe tu. Kwenye njia ya kusikilizia unapata kila kitu kikiwa kimeshachanganywa: wewe, mkufunzi, mnara, na ndege nyingine zilizo kwenye masafa hayo.

Uliza pia kama intakomu yenu ni ya mono au ya stereo. Plagi ya mono ikiingia kwenye tundu la stereo, inaunganisha upande mmoja na ardhi, na mtu anaweza kukosa sauti sikio moja. Kwa intakomu ya stereo tumia plagi ya stereo. Upande wa kamera nao, kama tundu ni la stereo, sauti ipelekwe pande zote mbili, ama sivyo utasikia video yako kwa sikio la kushoto tu na utadhani kebo ni mbovu.

Wengine huona tundu dogo la milimita 3.5 kwenye paneli ya sauti wakafurahi. Mara nyingi tundu hilo ni la kuingizia muziki au simu, halitoi chochote. Soma kitabu cha paneli yenu kabla ya kuchomeka.

GoPro nyingi hazina tundu la maikrofoni mwilini. Zinahitaji adapta inayoingia kwenye USB-C, na nakushauri utafute ile ya kampuni yenyewe, kwa sababu adapta rahisi za simu mara nyingi kamera haizitambui. Ukishaichomeka, fungua menyu ya sauti uangalie aina ya ingizo. Kwa kebo niliyoieleza, chagua maikrofoni ya kawaida, isiyohitaji umeme. Ukichagua ‘Line In’ utapata mnong'ono, kwa kuwa kamera itakuwa inangojea ishara yenye nguvu wakati kebo imeshaipunguza. Kamera ikiruhusu kuzima upandishaji sauti wa kujiendesha, uzime. Usipouzima, kila mkinyamaza kamera itapandisha kelele juu, na neno la kwanza la kila sentensi litaingia kwa kishindo.

Mlio mwembamba unaopanda na kushuka una asili yake tofauti. Bila shaka umeona kwamba unafuata injini: ukiongeza nguvu unapanda, ukipunguza unashuka. Huo unatoka kwenye alteneta, jenereta ya umeme inayozungushwa na injini. Nakisia kwamba umeichaji kamera kutoka kwenye soketi ya ndege huku imeunganishwa na intakomu. Hapo kamera inakuwa na njia mbili za ardhi, moja kupitia waya wa chaji na nyingine kupitia kebo ya sauti, na mchafuko wa alteneta unazunguka kati ya hizo mbili na kuingia kwenye rekodi. Toa chaja, tumia betri ya kamera au pawabenki isiyounganishwa na ndege, na mara nyingi mlio unakoma hapohapo. Kama huna budi kuchaji kutoka kwenye ndege, kebo iongezewe transfoma ndogo ya sauti ya omu 600 kwa 600, ambayo hupitisha sauti bila nyaya za pande mbili kugusana.

Ukisikia mvumo au mpasuko kila unapobonyeza kitufe cha kuongea, hiyo si alteneta. Ni redio yenyewe. Antena ya redio ya VHF iko karibu, na kebo yako inanasa mawimbi yake. Fupisha kebo, tumia yenye kinga ya nje, na ubane kipande cha feraiti, kile kibanio cheusi cha kuzuia mawimbi ya redio, karibu na kamera. Zima pia Wi-Fi ya kamera. Na kinyume chake kikitokea, yaani kamera ikiwaka redio inaanza kuchafuka, zima kamera mara moja. Redio ndiyo yenye haki hapo.

Labda utaniambia: fundi, mambo ya rezista yananishinda. Basi iko njia isiyogusa umeme wa ndege hata kidogo, na kwa mwanafunzi anayebadilisha ndege leo hii kesho ile, ndiyo ninayoipenda zaidi. Chukua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola ya shati, yenye waya mwembamba. Usiibane kwenye kola. Iingize ndani ya kikombe cha hedseti, ielekee spika, na waya utokee chini nyuma ya sikio, pale ambapo sponji ni laini. Ndani ya kikombe hicho maneno yanasikika vizuri na muungurumo umeshapunguzwa, kwa hiyo maikrofoni inasikia takriban unachosikia wewe. Inachomekwa kwenye kamera kama maikrofoni yoyote, bila kipunguzi.

Udhaifu wake ni mwanya. Waya ukiinua sponji hata kidogo, mvumo wa chini unaingia, na sikio lako ndilo linaloumia kwanza. Hakikisha sponji imekaa, na fremu ya miwani yako isipite palepale. Kama hedseti yako ni ya kufuta kelele kwa umeme, tahadhari usizibe maikrofoni yake ya ndani, maana itaanza kuvuma au kupiga mluzi. Ubora wa njia hii unaifikia kebo nzuri kwa karibu sana, ila haulingani nayo. Kwa kujisikiliza na kujifunza unatosha kabisa. Kwa filamu ya kuonyesha watu, kebo inashinda.

Njia ya tatu ni kinasa sauti kidogo cha pembeni, kikichomekwa kwa kebo ileile kwenye tundu la kiti cha nyuma. Faida yake ni kwamba unaweka viwango vyako mwenyewe: vilele vya sauti vifike kama desibeli 12 chini ya ukomo, ili mnara ukiongea kwa nguvu pasipasuke. Baadaye unaunganisha sauti na picha. Kabla ya kuwasha injini, gonga maikrofoni ya hedseti yako kwa kidole mbele ya kamera. Pigo hilo utaliona na kulisikia, na ndilo utakalotumia kulinganisha. Gonga tena mkimaliza, kwa sababu saa za vifaa viwili haziendi sawasawa, na baada ya saa nzima midomo na maneno vinaweza kupishana. Angalia pia swichi ya kumtenga rubani kwenye intakomu. Ikiwa imewashwa, viti vya nyuma havipati redio, na kinasa chako kitakosa sauti ya mnara.

Lakini hakuna kebo itakayosafisha sauti iliyoingia chafu kwenye intakomu. Hapa wanafunzi wengi wanajinyima wenyewe. Maikrofoni ya hedseti imeundwa kukataa sauti za mbali, kwa hiyo lazima iwe karibu na midomo, karibu kuigusa, na uso wake sahihi ukielekea mdomoni. Ikisogea hadi kidevuni, sauti yako inakuwa nyembamba na injini inajaa. Kama kuna hedseti zimening'inia viti vya nyuma bila watu, zichomoe. Kila maikrofoni iliyofunguka inaongeza kelele yake kwa wote, hasa ikiwa karibu na tundu la hewa. Kisha rekebisha skwelchi, kirungu cha intakomu cha kufunga kelele, mkiwa na injini inayozunguka: ikaze mpaka kelele ifungwe mkinyamaza, lakini isikazwe kiasi cha kumeza mwanzo wa maneno. Linganisha pia ukubwa wa redio na wa intakomu masikioni mwako, kwani uwiano huo huo ndio utakaoingia kwenye kebo. Kidude cha sauti kilicho kwenye waya wa hedseti yako hakitabadilisha rekodi ya kebo, lakini kile cha kwenye paneli kinaweza.

Majaribio yote yafanyike chini, ndege ikiwa imeegeshwa. Kwanza injini ikiwa imezimwa na intakomu imewashwa, rekodi dakika moja usikilize kwa vipokea sauti. Halafu rekodi tena wakati wa ukaguzi wa injini kabla ya kuruka, kwa sababu hapo ndipo milio ya alteneta inapojitokeza. Angani usishughulike na kamera kabisa. Ikigoma, iache igome. Kebo ipite mbali na usukani, pedali na gurudumu la trimu, na ifungwe isiweze kudondoka.

Ukiwa nyumbani, kuhariri ni kazi fupi. Maneno ya redio hukaa takriban kati ya hezi 300 na 3,000, hivyo kata kila kilicho chini ya hezi 200 hivi na muungurumo wa hezi 80 utapungua sana bila kuumiza maneno. Vichujio vikali vya kuondoa kelele viepuke, vinafanya sauti isikike kama iko majini. Kisha rudisha muungurumo kidogo kutoka maikrofoni ya kamera yenyewe, chini kabisa, ili ndege isisikike kama imezimwa.

Mkufunzi amekuruhusu kupiga picha. Mwombe pia ruhusa ya sauti, wazi, na umwambie utaitumia wapi. Kwa kawaida rubani mkuu na shule au kampuni inayoendesha ndege ndio wanaoamua vifaa gani vya kielektroniki viwashwe, kwa hiyo shule nayo ijue kuhusu kebo. Kama unafikiria kuweka video mtandaoni, kumbuka kwamba sauti za waongozaji na marubani wengine zimo humo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwa maoni yangu, video ya kujifunzia ibaki kati yako na mkufunzi. Mwanafunzi anayejua kwamba kosa lake litatazamwa na maelfu huanza kuigizia kamera.

Kuna mambo ambayo hutakiwi kuyatatua wewe wala fundi redio wa mtaani. Mlio wa alteneta ukiwa unasikika kwenye hedseti yenyewe, hata kamera ikiwa imezimwa, huo ni ugonjwa wa ndege. Vivyo hivyo mdundo wa tiki-tiki unaofuata mizunguko ya injini, unaoweza kutoka kwenye nyaya za magneto, kifaa kinachotoa cheche za injini. Mwambie mkufunzi, uandikwe kwenye kumbukumbu ya hitilafu, na mhandisi wa avioniki, yaani vifaa vya kielektroniki vya ndege, mwenye leseni aukague. Kadhalika usikubali mtu yeyote asiye na leseni afungue paneli ili akuunganishie waya wa kudumu. Na ukishuka kutoka ndegeni masikio yakiwa yanapiga mluzi, mwone daktari wako wa ukaguzi wa afya ya marubani, kisha kagua sponji za hedseti.

Ukishatengenezewa kebo, ipime kabla haijakaribia ndege. Chukua mita, weka kwenye omu, gusa ncha ya plagi nene na shina lake. Inapaswa kusoma karibu omu 10,100. Ikisoma sifuri au karibu nayo, irudishe kwa fundi. Ikikataa kusoma kabisa, kuna waya haujashika. Upande wa plagi ya kamera namba itaonekana kidogo kisha ipotee, kwa sababu kapasita inajaa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kisha itikise kebo nzima huku mita ikiwa imeshikilia upande wa plagi nene, hasa karibu na shingo za plagi, uone kama namba inacheza. Ikitulia, nenda kafanye jaribio la chini pamoja na mkufunzi.